Mfuko wa Spana

Karema,
9 Februari 1975

Mdogo wangu Gelasius,

Nakusalimu wewe na mama, na wote wa hapo Makanyagio wanaokumbuka kuniulizia. Sisi hatujambo. Helena ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata mkanda wa baba yake. Mahindi yamekubali, ila ngedere wanayapenda kuliko sisi. Mwambie mama dagaa wake nitawatuma barabara ikikauka, asidhani nimemsahau kwa sababu ya mume.

Sasa nisikilize. Ushirika wa wavuvi umepata mashine ya boti, ya Kijapani, na Silvesta ndiye nahodha. Jioni wanaichomoa kwenye boti, anaibeba begani, inakuja kulala kwetu, kati ya kitanda na gunia la mahindi, imefunikwa kanga yangu. Kanga mpya, Gelasius. Nyumba nzima inanuka petroli. Hilo nimelivumilia. Lakini wiki iliyopita mashine ilizimika wakitoka Ikola, na upepo ukaanza kuwasukuma kwenda Zaire. Walipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Walifika kesho yake mchana, wakati mimi nimeshakaa chini na wanawake wenzangu wamenizunguka, mmoja kanishika bega. Unajua mwanamke anashikwa bega kwa sababu gani.

Nikauliza mbona hamkuitengeneza hukohuko. Kumbe chomboni hakuna hata bisibisi! Nikamwambia Silvesta nina mdogo wangu fundi wa malori, atatutumia spana. Akakataa. Anasema kupakia spana botini ni sawa na kwenda kumwona mgonjwa umebeba sanda kwapani. Mgonjwa akiiona, hata kama alikuwa anapona, anakata tamaa. Anasema mashine inasikia. Na wenzake wanaitikia, hata Makarius anayekaa naye nyuma kwenye usukani, ambaye nilidhani ana akili.

Kiangazi upepo wa ziwani ni mkali kuliko huu. Sitaki kuwa mjane kwa kukosa bisibisi. Nitumie vyombo, pa kuviweka nitajua mwenyewe. Au bora uje. Tangu niolewe hujakanyaga hapa hata siku moja.

Ni mimi dada yako,
Marsela


Makanyagio, Mpanda,
16 Machi 1975

Dada Marsela,

Barua yako imefika imelowa. Lori la Kasimu lilikwama porini mpaka abiria wakapika na kulala. Mama anaendelea vizuri, analalamikia goti tu, na huu unga wa njano wa serikali. Anasema hata kuku wanaugeuzia mgongo. Nimemsomea habari za meno ya Helena akacheka peke yake mpaka jioni.

Haya, nimesikia habari za sanda. Mimi nimefungua injini za malori tangu nikiwa sina ndevu, na sijaona hata moja iliyokufa kwa kuona spana. Zinakufa kwa kutoziona. Ila usimwambie shemeji maneno haya, nisije nikaonekana namfundisha mkubwa wangu.

Nakutumia kwa Kasimu seti yangu ya zamani: spana, bisibisi mbili, koleo, na ya kufungulia plagi. Nimezifunga kwenye ovaroli iliyochakaa nikaitia kwenye mfuko wa unga. Zitawatosha kabisa. Injini ni injini, dada. Ya lori, ya boti, ya kusaga mahindi, zote zinakula mafuta na kutoa moshi. Hapo huwezi kumdanganya fundi.

Kuja siwezi. Malori ya tumbaku yamejaa gereji, bosi haniachii hata Jumapili. Ipo siku.

Mdogo wako,
Gelasius


Karema,
4 Mei 1975

Gelasius,

Hatujambo. Mama msalimie.

Vyombo vyako vilifika. Niliuficha mfuko chini ya mbao za boti, mbele kabisa, asubuhi wakati Silvesta anakunywa uji. Nikajiona nina akili sana.

Mashine ilizimika karibu na Ikola. Botini kulikuwa na abiria, mmoja mama mjamzito, na mbuzi. Makarius akitafuta kopo la kuchotea maji akaukuta mfuko, akaufungua, spana zikalala pale mbele ya watu wote. Wote wakamtazama nahodha. Angefanya nini? Akachukua moja, ikazunguka kwenye nati bila kushika. Akachukua nyingine, haikuingia. Ya plagi ikapwaya, akailazimisha, pembe za plagi zikamomonyoka zikawa mviringo kama kidonge. Boti ya Ikola ndiyo iliyowavuta mpaka ufukweni.

Alirudi nyumbani akaweka mfuko mezani, akasema, "Nilikuambia." Basi. Tangu siku ile anaongea na Helena tu. "Helena, mwambie mama yako hakuna chumvi." Na Helena hajui kusema.

Injini ni injini. Ni maneno yako hayo, ninayo hapa kwa mwandiko wako.

Lakini kuna jambo Makarius ameniambia pembeni. Silvesta alipoishika ile spana, mkono ulikuwa unatetemeka, na macho yalikuwa kwa abiria badala ya kuwa kwenye plagi. Gelasius, mume wangu hajui kufungua hata nati. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Wakati wa kuleta mashine walimwonyesha kuvuta kamba na kushika usukani, wakaondoka. Haya ya sanda ni maneno ya kujifunika. Asiye na spana haulizwi mbona hatengenezi.

Hili usilijibu. Barua zako hata akiwa amenuna anataka nimsomee neno kwa neno, kwa kuwa mwenyewe kusoma hajui. Ile ya spana nilimsomea nusu tu. Akisikia kwamba nimekuandikia hivi, sijui nitaweka wapi uso wangu. Na kufundishwa na mdogo wa mkewe hatakubali.

Dada yako


Makanyagio, Mpanda,
1 Juni 1975

Dada yangu Marsela, na shemeji yangu Silvesta unayesikiliza,

Nawasalimu wote wawili kwa heshima. Huku kumekauka, vumbi limeanza. Mama amepata mbegu za mpunga kutoka kwa ndugu zetu wa Mpimbwe na anazilinda utadhani dhahabu.

Shemeji, naomba radhi. Kosa la Ikola ni langu peke yangu. Malori yangu ni ya Kiingereza, boliti zake zinapimwa kwa inchi. Mashine yenu ni ya Kijapani, yenyewe ni milimita. Nimekutumia viatu vya mtu mwingine, halafu umeonekana wewe ndiye hujui kutembea. Mashine ya boti sijawahi kuiona kwa macho yangu. Nilijitia najua, na nimekuaibisha mbele ya abiria. Nisamehe.

Sasa nimsalimie na huyo mgeni wenu mnayemfunika kanga. Mgeni, hujambo? Nasikia una tabia ya kulala njiani. Dada, siku akikataa kuamka, watu wasimvute kamba mpaka bega lichomoke. Kwanza mwulizeni kama ana mafuta, na kama tundu la hewa kwenye tangi liko wazi. Kisha mvueni kofia, kile kifuniko chake cha juu, toeni plagi, mtazameni mdomo. Ukiwa mweusi na umelowa, huyo amelewa, amekunywa petroli kuliko kiasi. Mfuteni kwa kitambaa, mkausheni, vuteni kamba mara chache plagi ikiwa nje ili ateme, ndipo mmrudishie. Na siku injini ikinguruma lakini boti haiendi, kosa si la mgeni. Ni pini ya propela imekatika. Hiyo imewekwa ili ikatike yenyewe mnapogonga jiwe, chuma kingine kisivunjike. Mwenye busara anaweka za akiba.

Nipimieni vichwa vya boliti, nitafute spana zinazomfaa.

Hapa, dada, usisome kwa sauti. Ruka mpaka kwenye salamu za mama.

Shemeji haogopi spana. Anaogopa kuonekana hajui, na mimi namwelewa kuliko unavyofikiri. Kila barua unaniuliza mbona siji, nami nasingizia malori. Malori yapo, lakini si hayo yanayonizuia. Naogopa maji, Marsela. Unakumbuka mto Katuma ulivyokuwa ukijaa? Ulikuwa unanivusha mgongoni na mimi nimefumba macho mpaka unitue ng'ambo. Sijabadilika. Nikifika Karema, shemeji atataka kunipandisha botini kwa heshima, na nitatetemeka mbele ya wavuvi wote, mimi fundi mzima wa Mpanda. Bora waseme nina kiburi.

Mama anawasalimu sana. Anasema Helena asipewe mkanda kutafuna, apewe muwa.

Ni mimi,
Gelasius


Karema,
29 Juni 1975

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Muwa umefanya kazi, mkanda umepona.

Barua yako nilimsomea akiwa amegeukia ukutani. Kwenye viatu vya mtu mwingine akageuka. Kwenye mgeni kuvuliwa kofia akacheka, Gelasius, alicheka! Nikafika pale pako, nikaruka. Akauliza mbona umenyamaza ghafla. Nikasema nzi ameingia mdomoni. Kesho yake akaniambia, "Hebu rudia pale pa plagi." Keshokutwa tena. Sasa pwani yote, mashine ikikohoa, watu wanasema mgeni kalewa.

Kuhusu uoga wako sijui nikuambie nini. Nilicheka kidogo, halafu nikakuonea huruma. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakuona una dharau, nikawa naumia kimyakimya. Ungeniambia tu.

Nakutumia vipimo. Nimechukua nta ya asali nikaiminya kwenye vichwa vya boliti, kila kichwa kimeacha alama yake, nikaifunga kwa jani la mgomba.

Upepo wa kiangazi umeanza, na mfuko bado uko nyumbani. Kila anapoondoka nasimama ufukweni mpaka sisikii tena mlio.

Na kuna jambo jingine, naliandika kwa shida. Siku hizi akishatia nanga, wenzake wanabaki wanashona nyavu, yeye anatoweka. Akirudi ana vumbi jeupe vidoleni. Nikimtazama, anafuta mikono kwenye suruali. Nchi nzima tunakula unga wa njano, na mimi najua ni mwanamke gani kijijini hapa ana unga mweupe. Sitaandika zaidi.

Marsela


Makanyagio, Mpanda,
27 Julai 1975

Dada Marsela na shemeji Silvesta,

Hatujambo. Goti la mama limetulia tangu mvua ziishe.

Nta yenu imefika ikiwa chapati. Kasimu aliiweka mbele, juu ya injini ya lori, mahali penye usalama, ndivyo alivyosema. Nimeigeuza juu na chini, nimeona alama moja tu, nayo ni ya kidole gumba cha Kasimu. Nahitaji boliti yenyewe. Shemeji, najua ni vigumu kumng'oa mgeni kiungo chake, lakini bila hiyo nitabahatisha tena, na mimi kubahatisha nimekoma.

Nimekwenda Sitalike. Kuna dereva wa huko mbugani anaitwa Ponsian, anaendesha gari la Kijapani, ana spana za milimita za ziada. Anasema nikimtengenezea gia ataniachia nitakazozichagua. Gia yake ina sauti ya fisi, lakini nitaiweza.

Hapa ruka. Lile la vumbi nimemweleza mama, unisamehe, sikuwa na wa kumwuliza. Amesema usimwandame mtu kwa hasira juu ya jambo unaloweza kwenda kulitazama. Mfuate. Na mimi naongeza kwamba mume anayeomba arudiwe habari za plagi siku mbili mfululizo, moyo wake uko nyumbani. Yale mengine ya spana unayajua, mstahi tu, hajui na inamuuma.

Salamu za mama ziwafikie.

Gelasius


Karema,
24 Agosti 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Msalimie mama, na umwambie nimefanya kama alivyosema.

Nilimfunga Helena mgongoni, nikamfuata Silvesta kwa mbali. Hakwenda kwa yule mwanamke. Alikwenda shuleni, kwenye darasa la watu wazima. Nilichungulia dirishani. Amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, na mwalimu Pelagia anamwita ubaoni. Akashika chaki kama anavyomshika samaki mwenye miiba, akaandika BOTI. Darasa likapiga makofi. Nikaondoka kabla hajageuka. Nilicheka nusu ya njia, nusu iliyobaki nililia, sijui hata nilikuwa nalia nini.

Sikumwambia kitu. Juzi nikatoka kisimani, nikamkuta amekaa chini kando ya mashine, barua zako zote zimetandazwa juu ya kanga, kidole kinatembea chini ya maneno. Anasoma kwa midomo. Nikasimama mlangoni na ndoo kichwani. Nilitaka kuzinyakua, nikachelewa. Akafika pale. Akakaa sana pale. Kisha akainua macho akasema, "Kumbe hapa hapakuwa na nzi."

Akasoma na ya Julai. Nilingoja anifokee. Akaifunika mashine vizuri, akatoka, akakaa nje mpaka chakula kikapoa. Sijawahi kuogopa hivyo ndani ya nyumba yangu. Niliona nimempoteza bila hata upepo.

Leo asubuhi amenipa karatasi, akasema niiweke ndani ya barua yangu nisiisahihishe. Sijaisahihisha. Na hicho kilichofungwa kwenye kitambaa ni chake pia.

Dada yako,
Marsela


SHEMEJI GELASIUS
HUJAMBO. MIMI SIJAMBO.
HII NI BOLITI YA MGENI. PIMA. KOFIA NIMEIFUNGA KAMBA.
NIMESOMA PALE PA KURUKA. NI KWELI SIJUI SPANA. NA WEWE HUJUI MAJI.
NJOO.
DADA YAKO ALIKUVUSHA KATUMA. ZIWA NITAKUVUSHA MIMI.
UKIFUMBA MACHO SITAMWAMBIA MTU.
SILVESTA


Makanyagio, Mpanda,
14 Septemba 1975

Shemeji Silvesta, na dada yangu unayechungulia begani kwake,

Karatasi yako niliisoma gerejini. Bosi akaniuliza nina nini machoni, nikasema moshi. Nimemsomea mama. Ameniomba nimwachie, ameiweka pamoja na rozari yake.

Boliti imepimwa, safari hii kwa spana yenyewe. Gia ya Ponsian sasa inaongea kama mtu, na spana zote ninazo, pamoja na plagi mpya na pini za propela nilizozikata mwenyewe gerejini. Nakuja na Kasimu, lori lake la kwanza la Oktoba. Bosi nimemwomba ruhusa, akanipa mara moja. Kumbe hakuwa mkali hivyo.

Ombi langu ni moja. Tuanzie pale maji yanapofika magotini.

Shemeji yako,
Gelasius


Karema,
30 Novemba 1975

Mdogo wangu Gelasius,

Tunawasalimu wewe na mama. Mvua imeanza, nakuandikia upesi kabla barabara haijafungwa. Helena bado anakutafuta nyuma ya gunia. Anadhani umelala pale na mashine.

Wavuvi hawajaacha kukuulizia. Wanasema fundi wa Mpanda ni mtu wa ibada sana, botini alikuwa anasali na macho kafumba. Silvesta anawajibu, "Ndiyo, ni mtu wa ibada." Ameshika neno lake. Lakini mimi nilikuona wakati wa kurudi, Gelasius. Yalikuwa wazi.

Jumatano iliyopita walitoka Ikola na abiria wengi, na upepo ulikuwa umekaa vibaya. Mashine ikazimika. Makarius ndiye aliyenihadithia. Anasema watu wakaanza kupiga kelele, mmoja akaanza kuungama. Silvesta akamwambia, "Subiri kwanza, bado hujafa." Akavuta mfuko uliomwachia, akamvua mgeni kofia kama ulivyomfundisha, akatoa plagi, akaitazama mdomo, akasema kwa sauti, "Kalewa." Akafuta, akakausha, akavuta kamba plagi ikiwa nje, akarudisha. Mkono haukutetemeka. Mashine ikawaka mvuto wa pili, na yule wa kuungama akawa anaona aibu mpaka Karema, kwa sababu alikuwa ameshataja mawili matatu.

Mimi huku nilikuwa nachambua mchele. Hakuna aliyekuja kunishika bega. Nilisikia mlio kutoka ziwani saa yake ileile ya kila siku, nikaenda kuteka maji. Hata sikujua kuna jambo. Alipoingia aliegemea mlango kwa mkono uliojaa oili, alama ya vidole vitano imebaki pale. Nimekataa kuifuta.

Na jana sikiliza. Asubuhi amesimama mlangoni, mashine begani, anachelewa. Nikamwuliza anangoja nini.

"Mfuko," akasema.

"Mfuko gani?"

"Wa spana, mama Helena. Au nyie wa Mpanda mnataka niende ziwani bila spana, kama mwendawazimu?"

Nikampa.

Dada yako,
Marsela